Kisu cha Springi Mfukoni: Sheria Inatazama Nini, na Kazi za Pemba Zinataka Kisu Gani

Ni nadra kukuta nyumba Pemba isiyokuwa na kisu. Mpara samaki wa Tumbe anacho, mkwezi wa Wingwi anacho, muuza machungwa wa Konde anacho, na mama anayemenya mihogo uani anacho pia, pengine kimeliwa na kinoo hadi kimebaki nusu ya upana wake wa awali. Kisu cha namna hiyo hakimshtui mtu. Kisu kinachozusha maswali ni kile cha kukunja, chenye springi ndani ya mpini, ambacho hufika katika begi la ndugu anayetoka ng'ambo au miongoni mwa bidhaa mchanganyiko, na ambacho kijana hupenda kukifungua na kukifunga mbele ya wenzake kwa mlio ule wa "tak".

Maswali yanayoulizwa ni mawili. Je, kukimiliki na kutembea nacho ni halali? Na je, kina faida yoyote inayopita ile ya kisu cha kawaida? Makala haya yanayachukua yote mawili kwa pamoja kwa sababu hayatenganiki: mara nyingi jibu la "unakihitaji kwa kazi gani?" ndilo linaloamua jibu la "je, una haki ya kuwa nacho hapa?" Anayekosea la kwanza anaweza kuishia kituo cha polisi, anayekosea la pili anaweza kupoteza kidole.

Kwanza vifahamike visu vyenyewe, maana watu wengi huviita vyote "visu vya springi" ilhali tofauti yao ndiyo iliyoigawa dunia kisheria. Kisu cha kukunja cha kawaida hufunguliwa kwa kuvuta ubapa kwa kucha au kwa kidole gumba. Chuma chembamba kilicholala mgongoni mwa mpini huushikilia ubapa usichezecheze, lakini hakiufungui. Vingi vya visu hivi havina kufuli. Vingine vina pete au komeo la kuzuia ubapa usirudi. Opinel, kisu cha Kifaransa kilichoanza kutengenezwa mwaka 1890, ni mfano wa aina hii, na pete yake ya kufungia iliongezwa mwaka 1955. Okapi ni mfano mwingine ulio karibu zaidi na historia ya Afrika: kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa soko la makoloni ya Kijerumani barani humu, na baadaye utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini.

Aina ya pili ni kisu cha kufyatuka. Ndani ya mpini wake mna springi iliyokwisha kukazwa, ikisubiri tu kuachiwa. Mwenye kisu hubonyeza kitufe au husukuma kijiti kilichomo mpinini, na ubapa huruka wenyewe hadi mwisho, ama kwa kuzunguka kutoka ubavuni, ama kwa kuchomoka moja kwa moja kupitia mbele ya mpini. Kidole hakigusi ubapa kabisa.

Aina ya tatu ndiyo inayochanganya watu, hata baadhi ya askari wa forodha wa nchi kubwa. Katika makala haya itaitwa kisu cha springi saidizi. Hakina kitufe mpinini. Ubapa wake, ukiwa umefungwa, huelemea kubaki umefungwa, na mtu hana budi kuusukuma mwenyewe kwa kidole kupitia kinundu kidogo kilichomo kwenye ubapa. Akishausukuma sehemu ndogo ya njia, springi huupokea na kuumalizia safari. Visu hivi vilienea katika miaka ya 1990 kwa mafundi wa Marekani, miongoni mwao Ken Onion wa Hawaii, ambaye ubunifu wake ulichukuliwa na kampuni ya Kershaw. Kwa macho ya mtu aliyesimama hatua tatu mbali, aina ya pili na ya tatu hufunguka kwa kasi ile ile na kwa mlio ule ule. Tofauti imo katika mahali kidole kinapogusa tu.

Kuhusu sheria, jambo la kwanza ni kujua sheria ipi inatumika. Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano, lakini sheria ya adhabu inayotumika Pemba ni ile iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar: Sheria ya Adhabu Nam. 6 ya mwaka 2018. Hiyo ilichukua nafasi ya Sheria ya Adhabu ya mwaka 2004, ambayo nayo, kwa sadfa, ilikuwa Nam. 6, na ambayo iliiondoa Sura ya 13 ya sheria za zama za Waingereza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, yaani Sura ya 16, si sheria ya Zanzibar. Hili lasemwa kwa sababu mtu anayetafuta jibu kwenye simu yake huletewa zaidi vifungu vya Bara, vya Kenya au vya Marekani, akavisoma kana kwamba vimeandikwa kwa ajili ya Micheweni. Mwenye kutaka maneno kamili ya kifungu na aombe kuiona Sheria Nam. 6 ya 2018 yenyewe kwa afisa wa sheria au kituo cha polisi kilicho karibu, asitegemee picha ya ukurasa uliotumwa katika kundi la simu.

Pamoja na hayo, sheria za adhabu za Afrika Mashariki ni ndugu wa shina moja, kwa kuwa zilipandwa na utawala ule ule wa Kiingereza, na namna zinavyofikiri kuhusu chuma chenye makali hufanana. Mfano mzuri ni kosa la kutembea na silaha hadharani, lililomo katika kanuni za Bara na za Kenya. Mtu hutenda kosa hilo anapokwenda na silaha mbele ya watu bila sababu halali, na kwa namna inayowatia hofu. Kifungu cha namna hiyo hakitaji springi. Hakitaji urefu wa ubapa wala kitufe. Kinauliza mambo mawili: huyu mtu alikuwa na sababu gani, na alikuwa akifanya nini nacho? Sheria hizo zina pia kosa la kukutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonesha kuwa mtu alikusudia kutenda kosa kubwa, na pale silaha inapotumika katika unyang'anyi, adhabu hupanda mara nyingi zaidi ya ile ya wizi mtupu.

Chukueni kisu kimoja cha inchi tano cha kuparia samaki. Saa kumi na mbili asubuhi, sokoni Tumbe, mikononi mwa mtu aliyelowa magamba hadi viwiko, ni chombo cha kazi. Saa tano usiku, kimefichwa ndani ya shati la mtu anayezunguka nyuma ya nyumba zisizo zake, kisu kile kile ni ushahidi. Kikiwa katika ugomvi wa uwanja wa mpira, kimechomolewa na kuoneshwa hata bila kumgusa mtu, hofu iliyoingia nyoyoni mwa watazamaji tayari imekwisha kuwa sehemu ya kosa. Hakuna kilichobadilika katika chuma. Kilichobadilika ni saa, mahali na mkono. Panga nalo liko hivyo hivyo. Mkulima wa Shumba anayerudi shamba na panga begani haulizwi kitu, lakini akilipeleka panga hilo katika kikao cha shehia kinachojadili mpaka wa shamba lake, hata kama hakulinyanyua, hawezi kushangaa akiulizwa amelijia nalo kwa nini. Katika msitu wa Ngezi, ambao ni hifadhi na ambako kukata mti bila kibali ni kosa, zana ya kukatia mikononi mwa mtu asiye na kibali hujieleza yenyewe kabla hajafungua mdomo.

Hapo ndipo kisu cha springi kinapojiletea matatizo, ijapokuwa springi yenyewe haikutajwa. Mvuvi aliyekutwa na kisu chake cha mpini wa mti, chenye harufu ya samaki na alama za kamba, ana maelezo yaliyoandikwa juu ya kisu chenyewe. Kijana aliyekutwa na kisu kipya cha kufyatuka, kinachong'aa, ambacho hakijawahi kukata hata ganda la chungwa, hana maelezo hayo. Mbele ya askari na mbele ya hakimu atalazimika kuyatafuta kwa maneno, na maneno peke yake ni mzigo mzito kuubeba. Mahakama za Uingereza zilifika mbali zaidi: mwaka 1983 zilishikilia kwamba kisu cha kufyatuka ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kujeruhi, na kwa hiyo mshitaki hahitaji kuthibitisha nia ya aliyekutwa nacho. Uamuzi huo hauibani mahakama ya Pemba, ila maamuzi ya Kiingereza husomwa na mawakili na mahakimu wa Afrika Mashariki kama mwongozo, na hoja yake si ngumu kuielewa.

Kwa haki, na upande wa pili usemwe. Katika utaratibu wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao forodha za Afrika Mashariki zinaufuata, visu vya kukunja vimo katika Sura ya 82, pamoja na zana na vifaa vya kukatia, chini ya kichwa 82.11 kinachotaja hata visu vya kupogolea miti. Panga za vita, singe na mikuki zimetengwa Sura ya 93 pamoja na silaha. Kwa hiyo kisu cha kukunja, kwa hesabu za biashara, ni zana. Mfanyabiashara anayeuza visu vya jikoni na vya mfukoni dukani mwake kwa leseni halali hauzi silaha. Lakini anayemuuzia mtoto wa skuli kisu cha kufyatuka kwa sababu tu mtoto amekuja na fedha amejitoa mwenyewe katika heshima hiyo.

Ugumu wa kweli wa kisheria kuhusu springi uko nje ya visiwa hivi, na unawahusu Wapemba kwa sababu wengi wana ndugu huko. Marekani ilipitisha sheria ya shirikisho dhidi ya visu vya kufyatuka mwaka 1958, na Uingereza ikafuata mwaka 1959, wakati ambapo nchi hizo zilikuwa na hofu kubwa juu ya magenge ya vijana. Sheria ya Uingereza ya 1959 ilikataza kutengeneza na kuuza kisu kinachofunguka chenyewe kwa kubonyeza kitufe, springi au kifaa kilichomo mpinini, na kuviingiza nchini nako kukakatazwa. Kwa miaka mingi, watu walipita kando yake kwa kusema kuwa kisu cha springi saidizi hakina kifaa mpinini. Mlango huo ulifungwa kwa Sheria ya Silaha za Kushambulia ya mwaka 2019: maana ya kisu cha kufyatuka ikapanuliwa kugusa kifaa kilichomo popote katika kisu, pamoja na ubapa ambao springi huukamilishia njia baada ya kufunguliwa nusu. Tangu tarehe 14 Julai 2021, kuwa na kisu hicho ndani ya nyumba yako mwenyewe huko Uingereza na Wales ni kosa, hata kama hakijawahi kutoka kabatini.

Marekani ilikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 2009 Bunge la nchi hiyo liliirekebisha sheria ya 1958 na kusema wazi kwamba kisu ambacho ubapa wake huelemea kufunga, na ambacho humlazimu mtu kuusukuma ubapa wenyewe kwa mkono ili kuushinda mwelekeo huo, si kisu cha kufyatuka. Visu vya springi saidizi vikawa huru kwa sheria ya shirikisho, ingawa kila jimbo lina sheria zake na zinatofautiana sana. Kanada, kwa upande wake, imekataza kisu kinachofunguka chenyewe kwa kitufe au springi ya mpinini, na pia kile kinachofunguka kwa uzito wake au kwa kurushwa kwa kiganja.

Basi fikirini zawadi moja. Kijana anaishi Marekani, ananunua kisu cha springi saidizi dukani bila tatizo, anamletea baba yake Msuka. Baba anakiweka mwaka mzima, kisha anakwenda kumtembelea binti yake Uingereza na kukichukua katika sanduku kwa ajili ya kumenyea matunda njiani. Hajamdhuru mtu. Nia yake ni safi kama maji ya kisima. Lakini huko aendako, kule kuwa nacho tu ndilo kosa, na nia njema huja baadaye, kama maombi ya kupunguziwa. Msafiri aendaye Uingereza na aache nyumbani kisu chochote chenye springi, cha aina yoyote. Hata kisu cha kawaida cha kukunja huko kinaruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu pale tu makali yake yasipozidi inchi tatu, yaani sentimita 7.62, na pasipokuwa na kufuli la kuushikilia ubapa. Kikipita hapo, mtu lazima awe na sababu nzuri, na "nimekizoea" si sababu.

Safari za karibu zina kanuni nyepesi zaidi. Katika uwanja wa ndege kisu hakiingii nacho mtu ndani ya ndege. Kinakwenda katika mzigo unaokabidhiwa, kimefungwa na kuviringwa ili kisimkate mkaguzi. Katika boti ya Unguja busara ni ile ile: chini ya begi, siyo kiunoni.

Sasa swali la faida. Wauzaji wa visu vya springi husema neno moja kila mara: mkono mmoja. Mtu ambaye mkono wake mwingine una kazi anahitaji kisu kinachofunguka kwa mkono uliobaki. Hoja hii si ya uongo. Sheria ya Marekani ya 1958, pamoja na ukali wake, ilimruhusu mtu mwenye mkono mmoja kuchukua kisu cha kufyatuka chenye ubapa usiozidi inchi tatu. Watunga sheria waliona kuwa kwa mtu huyo springi ni kiungo anachokikosa. Mlemavu wa mkono wa Pemba anayo hoja hiyo hiyo, na ni vyema jirani na askari wakaielewa.

Lakini kwa wenye mikono miwili, kazi za hapa zichunguzwe moja moja, kuanzia baharini. Nanga inashuka, kamba inamzinga mvuvi mguuni. Au jarife limenasa mwambani na mkondo unaivuta ngalawa. Hapo kisu kinahitajika kwa mkono mmoja, tena upesi kuliko hesabu. Wavuvi wa zamani walishalijibu swali hilo: kisu kisichokunja, ndani ya ala, kimefungwa kwa uzi ili kisizame. Kisu hicho hakifunguliwi, kwa kuwa hakijafungwa. Hakina kitufe cha kutafuta kwa vidole vilivyolowa. Springi, kwa upande wake, ina adui wawili wakubwa ambao bahari ya Pemba inao kwa wingi: chumvi na mchanga. Chumvi hula hata chuma kinachoitwa kisichoshika kutu, na huanzia mahali pembamba palipojificha, yaani pale pale springi ilipo. Kisu cha kufyatuka kilichokwenda dago wiki mbili bila kuoshwa kwa maji baridi kinaweza kugoma siku ya kamba mguuni. Punje ya mchanga katika njia ya ubapa nayo humwacha mtu na kisu kilichofunguka nusu, ambacho si cha kukata wala si cha kufunga.

Juu ya mnazi mambo ni mabaya zaidi. Mkwezi huubana mti kwa mapaja na kifua, na kila kilichomo mfukoni husuguana na gogo. Kitufe hakijui tofauti baina ya kidole na gogo la mnazi. Baadhi ya visu vya kufyatuka vina kilimi cha usalama cha kuzuia kitufe, lakini kilimi husahauliwa, na huchakaa. Kufunguka kwa kisu ndani ya mfuko wa suruali, kando ya mshipa mkubwa wa paja, mita kumi kutoka ardhini, ni ajali ambayo panga lililoning'inizwa kiunoni haliwezi kuileta. Kisu cha springi saidizi kina nafuu kidogo hapo, maana ubapa wake huelemea kufunga. Bado kinundu chake kinaweza kukwama katika nguo.

Kwenye karafuu springi haina la kufanya kabisa. Karafuu huchumwa kwa mkono na huchambuliwa kwa mkono kutoka kwenye makonyo, na anayekata tawi ili kurahisisha uchumaji huwa anakata mavuno ya misimu ijayo.

Kisha kuna fenesi. Yeyote aliyepasua fenesi anajua kwamba ulimbo wake haumwachi mtu salama: mikono hupakwa mafuta, kisu hupakwa mafuta, na bado kazi ikiisha kuna wa kusugua. Ulimbo huo ukiingia katika maungio ya kisu cha kukunja hukigandisha. Kisu cha kawaida hufunguliwa, hupakwa mafuta ya nazi na kufutwa kwa kitambaa. Kisu cha springi, ambacho mashine yake imezibwa ndani ya mpini kwa parafujo ndogo mno, humtaka mwenyewe atafute bisibisi ambazo hazipo katika maduka mengi ya wilaya, na akikifungua bila ujuzi springi humrukia usoni. Kwa mpara samaki kuna jambo jingine, nalo ni usafi: magamba na damu vikijificha ndani ya mpini havioneki, ila hunuka. Kisu cha chakula kinatakiwa kioshwe chote, na kionekane kimeoshwa.

Kinachobaki kwa kisu cha mfukoni ni kazi ndogo ndogo za nchi kavu: kukata uzi, kufungua gunia, kumenya chungwa, kuchuna waya. Kwa hizo kisu cha kukunja cha kawaida kinatosha. Kama mtu anataka kukifungua kwa mkono mmoja, kuna visu vya kawaida vyenye tundu au kinundu kwenye ubapa ambavyo kidole gumba huvifungua bila springi yoyote. Springi saidizi humwongezea mtu huyo labda nusu ya sekunde, na chungwa halikimbii.

Kuna kitu kimoja ambacho wanunuzi hukisahau wakiwa wamevutwa na mlio, nacho ni kufuli. Visu vingi vya kukunja havimkati mtu vinapofunguka. Humkata vinapojifunga juu ya vidole wakati wa kuchokonoa au kuchoma kitu kigumu. Anayenunua kisu na ajaribu kukifunga kwa kukibonyeza mgongo wake juu ya meza, taratibu, vidole vikiwa mbali. Kikilegea, kirudishwe. Kwa kazi nzito kisu kisichokunja ni bora kuliko chochote chenye maungio, na hapa kuna kichekesho kidogo: wahunzi wengi wa Afrika Mashariki hufua visu na mundu kutokana na springi bapa za magari mabovu, kwa kuwa chuma chake ni kigumu na hushika makali. Springi, kwa hiyo, ina nafasi yake ya heshima katika kisu, ila iwe kwenye ubapa.

Kuhusu watoto, methali inasema mtoto akililia wembe mpe. Methali hiyo ni nzuri kwa mafunzo ya maisha na mbaya kwa kitufe. Mtoto wa Pemba hujifunza kisu mapema, kwa kumenya na kupara, chini ya jicho la mkubwa, na hufundishwa kumkabidhi mwenzake mpini, siyo ncha. Kisu cha kufyatuka humpa mtoto mchezo kabla ya kumpa kazi. Kisiingie skuli kwa hali yoyote, hata ndani ya mkoba wa penseli, na mwalimu atakayekikuta ana haki ya kumwita mzazi.

Jeraha likitokea, kitambaa safi kikandamizwe juu yake bila kuachia, kiungo kinyanyuliwe, na mtu apelekwe kituo cha afya au hospitali. Majivu, kahawa na mafuta ya taa visiwekwe. Kidole kilichokatwa ambacho hakikunjiki au hakihisi kitu kinaweza kuwa kimekatika mshipi wake wa ndani hata kama damu ni kidogo, na hicho hakingoji kesho. Aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Ikiwa jeraha limetokana na shambulio, fomu ya polisi PF3 inahitajika, na kituo cha polisi ndicho kinachoitoa. Hatari ya papo kwa papo iripotiwe kwa nambari 112.

Mkaazi ambaye tayari anacho kisu cha springi hana haja ya kukitupa chooni kwa hofu. Kiwekwe nyumbani, katika sanduku la zana, mbali na watoto, na kitumike kwa kazi iliyopo. Kiachwe huko siku ya mpira, siku ya mkutano, siku ya harusi, na katika viwanja vya sikukuu vya Idi. Na ikitokea askari akamsimamisha mtu njiani hali kisu kimo mfukoni, aliye nacho aseme mapema na kwa utulivu kwamba ana kisu na kiko mfuko gani, kisha aiache mikono yake ionekane na amwache askari akichukue mwenyewe. Kukitoa ili kumwonesha namna kinavyofanya kazi, na kubonyeza kitufe mbele yake, ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuigeuza zana kuwa silaha.